Kanada ya Manzese

Bunju, 11 Februari 2024

Mwanangu Bupe,

Pokea salamu za mama yako. Mimi ni mzima, ila magoti ndiyo yanayonikumbusha umri kila tunapoambiwa tusimame kanisani. Wewe je, na mkwe wangu, na mjukuu wangu Hope? Mwambie bibi yake yu njiani, asikubali mtu mwingine amfundishe kusoma.

Najua unacheka. Wenzangu wote wanatuma sauti, mama yako anaandika barua kwenye WhatsApp. Lakini nimefundisha watoto wa watu kuandika barua tangu ujana wangu mpaka nastaafu, na sitaanza uzeeni kuongea na simu peke yangu barabarani kama niliyechanganyikiwa. Barua ina tarehe, ina salamu, ina mwisho. Utanivumilia.

Jana jumuiya wameniaga. Nilitaka wangoje nimalize kwanza vipimo vya afya vya kuhamia huko Kanada, lakini Mama Elibariki akasema Jumatano Kwaresma inaanza, na yeye mwenyekiti wa jumuiya hawezi kupika pilau na kupiga vigelegele watu wakiwa kwenye toba. Tungengoja mpaka Pasaka. Unamjua Mpare yule akishashika jambo lake. Na wewe mwenyewe ulishasema vipimo hivyo ni kama kugonga muhuri tu, kazi kubwa imekwisha. Basi nikakubali.

Bupe, sijawahi kupendwa hadharani namna ile. Wanawake wote walivaa sare, kitenge cha bluu chenye maua ya njano, na changu kilitiwa lesi shingoni ili ajulikane anayeondoka. Mwinjilisti aliniwekea mikono. Mama Elibariki aliongoza nyimbo, na sauti yake unaijua, mpaka walevi wa ng'ambo ya barabara walizima muziki wao. Tulikaa mkeka mmoja mimi naye tangu asubuhi, tukala sinia moja, na jioni akaniegemea begani akalia. Tulihamia Bunju ikiwa pori, nyumba mbili tu, yake na yetu, tukaazimana chumvi na viberiti mpaka mji ukatukuta. Sasa namwacha.

Vyombo nimeshagawa. Sufuria kubwa na kuku ni vyake. Nyumba nimempangisha mwalimu kijana na mkewe, wanaingia tarehe mosi Machi.

Jumanne ndiyo naenda hospitali ile waliyoiteua Wakanada. Nimejiandaa vizuri. Nimepunguza chumvi, nakunywa maji ya ukwaju ili damu isafike, na nimenunua nguo za ndani mpya, maana sitaki serikali ya watu inikute na matambara. Kikohozi kidogo cha jioni ninacho, ni vumbi la malori haya ya mchanga. Nalamba asali na tangawizi, mpaka Jumanne kitakuwa kimekwisha.

Ni mimi mama yako,
Mwalimu Atuganile

Edmonton, 11 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Sie huku hatujambo, theluji tu ndiyo imetufungia ndani. Hope amechora picha yako ukiwa na fimbo ya mwalimu, sijui nani kamwambia.

Nimeona video ya kuagwa, nikaenda kulia chooni kazini. Ila nikuambie ukweli, moyo umenishtuka kidogo. Ni kweli nilisema muhuri, mama, lakini nilisema ili usiogope. Mtu huagwa akiwa na tiketi mkononi. Basi, maji yakimwagika hayazoleki, tuombe Mungu.

Jumanne usisahau pasipoti na miwani. Vidonge vya presha meza kama kawaida, usiache hata kimoja ukidhani damu itaonekana safi zaidi. Maji ya ukwaju mwaga. Hicho kikohozi, wakikuuliza wajibu, wasipokuuliza usijitangazie.

Chumba chako tumekipaka rangi ya maziwa. Mie nakihesabu kama umeshalala humo.

Mwanao Bupe

Manzese, 3 Machi 2024

Mwanangu Bupe,

Natumaini mmeamka salama nyote. Mimi afya yangu sijui niiseme vipi, maana sasa naambiwa na watu wengine jinsi ninavyojisikia.

Kimya changu usikikasirikie. Siku ile walinipima urefu, uzito, macho, damu, mkojo, kisha wakanipiga picha ya kifua. Nilijiandaa nguo mwanangu, kumbe walichotaka kuona kiko nyuma ya mbavu. Daktari alikuwa binti mpole, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alinionyesha picha yenyewe, upande wa kulia juu kuna kitu kama wingu. Akaniambia nirudi asubuhi tatu mfululizo nitoe makohozi, nayo yanaoteshwa maabara kama mbegu, na mbegu hizo huchukua hata miezi miwili kuota au kutoota. Mpaka hapo faili langu la viza halisogei.

Sikuwa na pa kukaa. Wapangaji walikuwa wameshaleta godoro lao barazani. Na Mama Elibariki kila siku ananiuliza, ndege lini? Unamkumbuka yule kijana wa mtaa wa nyuma aliyeagwa kwenda Uingereza, akarudishwa kesho yake kutoka uwanja wa ndege wa Hithro? Mpaka leo, ana mke na watoto, anaitwa Hithro. Nikaona jina langu likiwa njiani. Nikamwambia Mama Elibariki ndege ni Alhamisi.

Basi Alhamisi alinisindikiza hadi barabara ya Bagamoyo, amenibebea sanduku kichwani, nikimkataza hataki. Mwanawe Elibariki alitaka kuja mpaka uwanjani, nikamdanganya kwamba siku hizi hawaruhusu wasindikizaji. Nikaingia kwenye teksi, nikamwambia dereva uwanja wa ndege, kwa sauti, ili wasikie. Tulipofika Mwenge nikamwambia tugeuze, twende Manzese.

Niko kwa mjomba wako Ansbert. Amenipa chumba cha nyuma, alichokuwa akiweka sponji za sofa anazotengeneza. Hapa Manzese ukuta una masikio kweli, jirani akipiga chafya unamjibu, kwa hiyo usinipigie simu tukaanza kuzungumza mambo haya. Tuandikiane.

Nina ombi moja na linaniuma. Wakikupigia kutoka Bunju, sema nimefika, nimechoka na safari. Ni miezi miwili tu. Wingu hilo litakuwa si kitu, kisha nitaondoka kweli na uongo utakuwa umelipwa.

Mama yako

Edmonton, 17 Machi 2024

Mama,

Shikamoo, pole sana, na mjomba mpe shikamoo yake.

Nimesema kama ulivyotaka. Mama Elibariki alipiga siku ileile niliyopata barua yako, nikamwambia umefika, umelala. Akapiga tena, nikamwambia huku ni usiku. Akapiga tena, nikamwambia umeenda kanisani. Mama, simu zangu zote sasa ni yeye. Anataka picha. Anasema jumuiya wanamuuliza, mbona Mama Bupe amefika kimya hivyo.

Nisaidie na mie. Tafuta koti zito kwenye mitumba hapo, simama kwenye ukuta mweupe, mjomba akupige. Nitaituma mie.

Mwanao Bupe

Manzese, 20 Machi 2024

Bupe,

Picha hiyo. Koti tumelipata kwa mtu wa mitumba pale sokoni, la kijivu, lina manyoya shingoni. Ukuta ni wa zahanati, ndio mweupe pekee mtaani. Watu walisimama kutazama mwanamke mzima aliyevaa koti la barafu saa saba mchana, jasho likinitiririka mpaka viatuni, na Ansbert akisema, "Dada, jikunyate kidogo, ndiyo baridi yenyewe." Ansbert alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, kisha nikaenda kulala na sikula.

Itume, isiwe na maneno mengi.

Mama yako

Manzese, 8 Mei 2024

Mwanangu mpendwa,

Mungu awe nanyi hapo nyumbani. Keti kwanza ndipo usome.

Mbegu zimeota. Nina kifua kikuu. Nimeandika neno lenyewe kwa sababu nimechoka kuliita wingu.

Nimeanza dawa kwenye zahanati ile ile ya ukuta mweupe. Ni miezi sita, kila asubuhi nameza mbele ya muuguzi, anaitwa Salma, mtu wa Pwani, ana maneno laini na macho makali. Baada ya hapo nitapimwa upya, na wakiridhika faili litaendelea. Daktari anasema sijafukuzwa, nimesimamishwa mlangoni. Wiki chache za dawa zikipita sitaambukiza mtu tena.

Sasa hili ndilo linalonikosesha raha. Salma aliniambia niwalete wote niliokuwa nakaa nao karibu miezi iliyopita, wapimwe. Nikamleta Ansbert na mkewe, wako safi. Akaniuliza, na huko ulikotoka? Nikasema nilikuwa naishi peke yangu. Si uongo, mwanangu, nilikuwa naishi peke yangu. Lakini sikumwambia habari za jumuiya kila Jumamosi, wala mkeka mmoja, wala sinia moja, wala kikohozi changu cha jioni kilichokuwa kikimwangukia Mama Elibariki usoni tukichambua mchele. Nitamleta vipi mtu anayejua niko Kanada?

Nikajiambia, Mpare yule ana kifua cha chuma, anaweza kuimba msibani mpaka asubuhi na kesho akalima. Lakini wewe unazungumza naye. Msikilize. Akikohoa tu, hata mara moja, uniambie siku hiyohiyo. Hilo sikuombi, nakuagiza.

Mama yako

Edmonton, 12 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimelia, kisha nikasoma kila kitu kuhusu ugonjwa huo, na unapona, mama. Unapona kabisa. Faili lako linangoja, nimewauliza. Kula mayai, kula maharage, dawa usikose hata siku moja. Chumba chako kipo.

Mama Elibariki nimeongea naye leo Jumapili. Hajambo, anakusalimia sana. Picha yako ya koti ameipeleka kuchapishwa.

Mwanao Bupe

Manzese, 30 Juni 2024

Mwanangu Bupe,

Hamjambo nyote? Mimi nimeongezeka uzito, Salma ananiita bibi harusi. Kikohozi sina tena, usiku nalala bila kuloa jasho.

Jana Ansbert alipeleka sofa Bunju, kwa mteja aliye karibu na duka la kona pale kwetu. Nilimkataza kuuliza chochote, lakini habari hazingoji kuulizwa. Muuza duka alikuwa akimsimulia mteja mwingine kwamba Mama Elibariki haongozi nyimbo siku hizi. Anakaa nyuma na kitambaa mdomoni. Amekonda mpaka sare inamzunguka. Wengine wanasema ni sukari, wengine wanasema ni mkono wa mtu, na wamekuwa wakimpeleka kwenye maombi.

Bupe, uliniandikia kwamba hajambo. Alikuwa hajambo?

Mama yako

Manzese, 4 Julai 2024

Bupe, naona alama kwamba umesoma. Nijibu.

Manzese, 7 Julai 2024

Mimi ni mama yako. Nijibu.

Edmonton, 9 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, na najua unachukia barua isiyo na mwanzo.

Alikuwa anakohoa. Tangu wakati wa Pasaka alikuwa anakohoa, na ile Jumapili niliyokuandikia hajambo alikohoa mpaka tukakata simu. Nilijua ukijua utakwenda kwake. Nikafikiri labda ni mafua, labda ni vumbi, kama ulivyosema wewe mwenyewe mwanzoni. Kila wiki nikasema wiki ijayo nitamwambia mama. Ndivyo zilivyopita.

Na kuna jingine, mama, afadhali nilitoe lote. Mwezi uliopita aliniomba nikuulize kama huku Kanada kuna dawa nzuri ya kikohozi, umtumie. Alisema, "Mwambie Mama Bupe za hapa nimezimaliza, anitupie jicho huko kwenye maduka ya wazungu." Nikamwambia umeshainunua, iko njiani.

Siwezi kula nikikumbuka.

Lakini nakuomba usiende wewe. Nitampigia Elibariki mie, nimwambie ampeleke kupima kifua, sitamwambia kwa nini. Atapimwa, atapata dawa, na hakuna atakayejua. Ukienda, mama, utakuwa Hithro na zaidi ya Hithro. Na mie nitakuwa nani? Wote walipongeza ile picha.

Nisamehe.
Mwanao Bupe

Bunju, 14 Julai 2024

Bupe,

Leo naanza bila salamu, zitakuja mwisho kama zitakuja.

Ulitaka kumpigia Elibariki bila kumwambia kwa nini. Wangempeleka lini? Baada ya maombi ya wiki gani? Mtu aliyeambiwa ni mkono wa mtu haendi kupiga picha ya kifua kwa sababu ya simu kutoka ng'ambo. Wewe ulificha kikohozi chake, mimi nilificha changu. Sikunyooshei kidole, maana vingine vinanirudia mwenyewe.

Jana ilikuwa Jumamosi, siku ya jumuiya. Nilimeza dawa zangu, nikamwambia Salma yote niliyomficha. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi nenda, mama, mbona umekaa?" Nikachukua kile kitenge chenye lesi nikakitia mkobani. Sikuweza kukivaa.

Zamu ilikuwa nyumbani kwa Mama Elibariki. Nilisikia nyimbo tangu barabarani, zikiyumba, hakuna wa kuzishika. Nilipoingia getini wimbo ulikufa, kwanza safu ya nyuma, kisha ya mbele. Wamevaa sare wote. Mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Mama Bupe, umerudi lini?" Nikasema, "Sikwenda."

Nilisimama nikawaambia palepale, sikukaa, maana ningekaa nisingeinuka. Nikawaambia nina kifua kikuu, nameza dawa, simwambukizi mtu sasa, lakini nilipokuwa nao hapa nilikuwa nacho na sikujua. Nilipojua nikanyamaza, kwa kuogopa kuchekwa. Nikawaambia wote wakapime. Nikawaambia picha ile ni ya Manzese. Hakuna aliyecheka, Bupe. Kicheko nilichokikimbia miezi yote hii hakikuwepo, na ningekipokea kwa mikono miwili. Walinyanyua watoto wao wadogo wakawasogeza upande wa pili wa uwanja.

Elibariki alikuwa mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama anakohoa tangu Pasaka anaulizia dawa yako. Wewe ulikuwa Manzese." Alinipisha.

Yuko kitandani, mifupa ya mabega imesimama. Ukutani, juu ya kichwa chake, nimening'inizwa mimi kwenye fremu, na koti la kijivu, natabasamu. Alinitazama mimi, akaitazama picha, akanitazama tena. Nilimwambia yote mara ya pili, nimepiga magoti haya mabovu. Nikaweka kitenge miguuni pake, nikamwambia sistahili kukaa nacho. Alijigeuza akaelekea ukutani. Afadhali angenitukana.

Tulimpeleka hospitali jioni ileile, Elibariki na mimi, kwenye gari moja. Kifua kikuu, mapafu yote mawili, na moja limejaa maji. Wamemlaza. Daktari alimwambia Elibariki kwamba wangechelewa kidogo tu wangemleta kwa ajili ya cheti cha kifo. Kama ataishi, hajui bado.

Nakuandikia nikiwa barazani kwa wapangaji wangu, wamenionea huruma wakanipa mkeka. Mpigie Mama Elibariki wewe mwenyewe, umwambie uliyomwambia. Salamu zangu kwa Hope.

Mama yako

Edmonton, 20 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Anaendeleaje? Nimempigia kila siku, hapokei. Elibariki alipokea mara moja, akasema, "Mama anapumua, usipige tena wiki hii," akakata.

Nimeandika kwenye grupu la jumuiya. Nimesema picha ile niliomba mie, niliituma mie, na kwamba nilijua Mama Elibariki anaumwa nikamficha mama yangu. Sikuongeza neno la kujitetea. Wote wamesoma, hakuna aliyejibu.

Faili lako sitaliuliza kwa sasa. Ukiniambia niulize, nitauliza.

Mwanao Bupe

Bunju, 24 Novemba 2024

Mwanangu Bupe,

Nakusalimu kwa upendo. Baridi imeshaanza huko? Hope anaandika jina lake sasa, nimeona, ila hiyo P ameigeuza mgongo, mrekebishe bila kumchapa.

Mama Elibariki ataishi. Nimengoja kukuandikia sentensi hii kwa uhakika, ndiyo maana nimekuwa na kimya. Maji walimtoa, akarudi nyumbani mwezi wa tisa. Wapangaji nao mkataba wao uliisha, nikarudi kwangu. Sufuria sina, nanunua moja moja.

Dawa zangu nimemaliza. Wamenipiga picha upya na makohozi wameyaotesha tena, nangoja. Kwa hiyo asubuhi sina pa kwenda, nikaomba kwa Elibariki niwe nampeleka mama yake zahanati na kumsimamia dawa zake, yeye awahi kazini. Alifikiri siku mbili, akakubali, bila kunitazama.

Basi kila asubuhi tunatembea mimi na yeye, polepole, yeye mbele mimi nyuma. Nampa kikombe, anameza, tunarudi. Tangu Julai maneno aliyoniambia ni "lete maji" tu. Jana alisema "maji haya moto," nikafurahi mpaka nikaona haya. Sauti yake imebaki kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Daktari anasema pafu moja halitarudi kama zamani. Nyimbo za jumuiya sasa anaongoza mke wa mwinjilisti, na ninapomsikia akikosea naangalia chini, maana najua ni kwa sababu ya nani anaongoza yeye.

Watatu wengine wa jumuiya walikutwa nacho, mmoja ni mjukuu wa Mama Elibariki, mtoto wa darasa la pili. Wote wanameza dawa. Watoto wa mtaani wananiita Mama Kanada. Nilidhani nitakufa kwa jina hilo, lakini naitika tu. Hithro alinikuta dukani akanipa mkono, akasema, "Karibu mama, utazoea." Ni mtu mwema sana, sikuwahi kumjua.

Waulize habari za faili. Sijui kama ninalitaka kama nilivyolitaka zamani, lakini mjukuu wangu namtaka.

Mama yako

Bunju, 2 Machi 2025

Mwanangu Bupe,

U hali gani, na nyumba nzima? Mimi ni mzima, na safari hii nina karatasi inayosema hivyo. Wingu limebaki kovu. Pasipoti imerudi na viza yake, na tiketi uliyotuma nimeichapisha nakala mbili. Alhamisi, Mungu akipenda.

Kwaresma inaanza Jumatano. Hakuna aliyesema habari ya kuniaga, wala sikutegemea. Sanduku nimelifunga mwenyewe, koti la kijivu limo ndani, angalau litaiona baridi.

Leo baada ya ibada nilikwenda kwa Mama Elibariki. Naye amemaliza dawa zake mwezi uliopita, hana haja na mimi tena asubuhi, na nimekuwa nikiamka saa ileile bila kazi. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Ukutani kwake ile picha haipo, niliitafuta kwa jicho kupitia mlangoni. Nikakaa kwenye kigoda, si kwenye mkeka wake. Nikamwambia, "Mama Elibariki, ni Alhamisi."

Aliendelea kuchambua. Akatupa kokoto moja, akatupa ya pili. Kisha akauliza, na ile sauti yake iliyokwaruzika, "Ndege yenyewe, au ile ya Manzese?"

Nikasema, "Yenyewe."

Akainuka, taratibu, akaingia ndani. Nilimsikia akifungua sanduku. Akatoka na kile kitenge changu cha lesi, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Bupe, nilinyoosha mikono yote miwili. Hakunipa. Aliketi, akakiweka mapajani pake, akaweka mkono juu yake.

"Hiki kinabaki hapa," akasema. "Wewe tulishakuaga ukatudanganya. Safari hii tutakuaga ukishafika. Ukifika unipigie mwenyewe, si mwanao. Nikusikie unavyotetemeka kwa baridi, ndipo nitakituma."

Kisha akaniambia nisogee kwenye mkeka, mchele ni mwingi na macho yake hayaoni vizuri kokoto ndogo. Nikasogea. Tulichambua mpaka ukaisha.

Kwa hiyo Ijumaa ukinipokea uwanjani, usianze kwa kunikumbatia. Anza kwa kunipa simu.

Mama yako